Óndra Łysohorsky, Mshairi wa Lahaja ya Nyumbani



Mhariri alinitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri. Nimemchagua mtu wa mbali, ambaye jina lake nilikutana nalo katika maktaba ya Chuo Kikuu nilipokuwa nikitafuta kitabu kingine kabisa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Ervín Goj. Alizaliwa mwaka 1905 mjini Frýdek, katika Silesia iliyotawaliwa na Austria wakati huo. Leo ni Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Nyumbani walisema Kilachi, lahaja iliyo kati ya Kicheki na Kipolandi, lakini masomo yake aliyapata kwa Kijerumani. Alisoma Prague hata akapata shahada ya udaktari, na mashairi yake ya mwanzo aliyatunga kwa Kijerumani.

Kisha akageuka. Alijipa jina jipya: Óndra kwa ajili ya Ondráš, mnyang'anyi wa hadithi za huko, na Łysohorsky kwa ajili ya mlima Lysá hora unaoonekana kutoka kwao. Akaanza kutunga kwa maneno ya wachimba migodi na wafumaji. Mwaka 1934 akatoa diwani ya Spiwajuco piaść, na mwaka uliofuata Hlos hrudy. Lahaja hiyo haikuwa na maandishi yaliyokubaliwa, hivyo ilimpasa abuni tahajia yake mwenyewe.

Jambo hili lilinigusa. Katika shule ya msingi niliyoanzia, mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Mimi nilikivaa mara nyingi.

Wajerumani walipoivamia nchi yake mwaka 1939, alikimbilia Poland, na vita vikampeleka Urusi. Huko Boris Pasternak na Marina Tsvetaeva walitafsiri mashairi yake kwa Kirusi. Hiyo ni heshima kubwa kwa lahaja ya kijijini. Lakini hapo ndipo siasa zilipomteka. Aliingia katika Kamati ya Waslavi mjini Moscow, akashikilia kwamba Walachi si Wacheki wala Wapolandi bali ni taifa lao wenyewe, na mwaka 1944 akamwandikia Stalin kuhusu jambo hilo.

Kwa maoni yangu hapo alikosea. Muyaka alitunga kwa Kimvita na mashairi yake yanaishi hadi leo, wala hakuhitaji Mvita iwe taifa. Watu wa Frýdek wenyewe waliendelea kuandika Kicheki na kujiita Wacheki.

Aliporejea mwaka 1946 alishukiwa kuwa anataka kuigawa nchi. Alikaa Bratislava, mbali na wasemaji wa lahaja yake. Mwaka 1958 diwani nyingine ilipata ruhusa ya kutoka. Baada ya hapo alisomwa zaidi ugenini kuliko kwao. Mkusanyo wake mkubwa wa mashairi ya Kilachi, ya tangu 1931 hadi 1977, ulichapwa Ujerumani mwaka 1988.

Alifariki Bratislava tarehe 19 Desemba 1989. Utawala uliomshuku ulikuwa ukianguka, na siku 10 baadaye Václav Havel, naye mwandishi, akachaguliwa kuwa rais.