ROBERT KOCH, MWENYE HERUFI « K »

Wanafunzi wenzangu, mtu akikohoa majuma mengi na kwenda ku hopitali, munganga anamuomba mate ya kifua ili ayapime, na ku karatasi anaandika herufi mbili: BK. Tulipoulizana ku internati maana yake, mmoja akasema ni dawa, mwingine akasema ni jina la mashini. Hapana. B ni basili, ni kusema kamikrobe kenye umbo sawa kajiti. K ni Koch, mtu aliyekaona wa kwanza.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 ku Clausthal, mji wa machimbo katika Ujerumani, na baba yake alikuwa mtu wa kazi ya machimbo. Watoto walikuwa wengi mu nyumba. Alisoma uganga ku Göttingen, akamaliza 1866. Alitamani kusafiri inchi za mbali, lakini alioa, na mwaka wa 1872 akawa munganga wa serikali ku Wollstein, mji mudogo wenye kondoo wengi. Leo mji ule uko katika Poland.

Ni pale ndipo kazi yake ilianza, na mimi napenda sehemu hii kuliko zote. Kondoo walikuwa wanakufa na kimeta. Koch hakuwa na laboratwari wala msaidizi. Alikuwa na mikroskopu, panya, na vijiti alivyovichoma ku moto ili visikuwe na uchafu. Alichovya kijiti mu damu ya kondoo aliyekufa, akakiingiza ku ngozi ya panya. Kesho yake panya akafa. Akatoa damu yake, akampa panya mwingine, na mwingine, na kila mara akaona vijiti vilevile. Tena akavikuza mu maji ya jicho la ngombe, akaona vinageuka mbegu ngumu zinazoweza kukaa mu udongo siku nyingi. Ndiyo sababu shamba moja liliendelea kuua nyama hata kisha kuachwa. Mwaka wa 1876 alipeleka vyombo vyake ku Breslau, akaonyesha kila kitu mbele ya maprofesa. Munganga wa kijijini tu! Walikubali.

Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin. Shida ilikuwa kutenganisha mikrobe za namna mbalimbali. Siku moja inasemekana aliona madoa ya rangi ku kipande cha kiazi kilichopikwa, akafahamu kwamba kila doa ni ukoo mmoja. Kisha bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, akatoa shauri la agari, aliyoitumia ku jikoni. Mpaka leo laboratwari zinatumia agari, lakini jina la huyu mama wachache wanalitaja.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama Berlin na kueleza mikrobe ya kifua kikuu. Zamani zile, mu Ulaya, watu wengi walizani ni ugonjwa wa kurisi mu jamaa. Yeye aliipaka rangi ya bluu ndipo ikaonekana. Aliikuza majuma mengi, maana inakua polepole sana, kisha akaiingiza mu simbilisi, nao wakagonjwa. Mwaka wa 1883 akaenda Misri, na kutoka pale Calcutta, kutafuta mikrobe ya kolera. Akaipata, na akaonyesha kwamba inafuata maji machafu. Kweli, Mwitalia Pacini alikwisha kuiona mwaka wa 1854, lakini hawakumusikiliza.

Sasa nakuja ku sehemu ngumu. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu, kinachoitwa tuberkulini. Alificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakakimbilia Berlin toka inchi nyingi, wakapigwa shindano. Hawakupona, wengine wakakufa upesi zaidi. Yule aliyengoja majuma na majuma ku 1882 safari hii alisema mbele ya kuhakikisha. Tuberkulini ilibaki na faida ingine: kupima ku ngozi kama mtu ameambukizwa.

Mwaka wa 1905 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuwa huku kwetu katika Afrika, ku visiwa vya Sese mu Ziwa Viktoria, Uganda, ambako malale ilikuwa imemaliza watu wengi. Aliwapiga wagonjwa shindano la atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wengi waliona nafuu. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo, na wagonjwa kadhaa wakapofuka kabisa. Vitabu vyetu vinataja tuzo, havitaji wale vipofu wa Sese. Mimi naona wanapashwa kuandikwa pamoja, maana yule alikuwa mtu mmoja, na mikono ilikuwa ileile.

Koch alikufa ku Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, moyo wake ukiwa umechoka, na majivu yake yaliwekwa Berlin mu nyumba ya uchunguzi yenye jina lake. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kweli kuua ile BK, ilipatikana mwaka wa 1943, miaka 33 kisha kufa kwake.

Kapita wa shule, darasa la sita