Pauling na Ndoto ya Kurefusha Umri kwa Vidonge

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hunijia kila nifikiripo maisha ya Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani aliyezaliwa mjini Portland mwaka wa 1901. Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo naona kwamba maisha yake yana funzo kwa mwalimu na mwanafunzi.

Babake, muuza dawa, alifariki Pauling akiwa mtoto wa miaka tisa. Mamake naye alifariki mwaka wa 1926 kwa aina ya upungufu wa damu itokanayo na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12, ambayo wakati huo haikuwa imetambuliwa. Yatima huyo alikwea hadi kileleni. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1954, kisha ile ya Amani ya mwaka wa 1962 kwa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia. Hakuna mwingine aliyepata tuzo mbili za Nobel pasipo kugawana na mtu.

Ndipo alipogeukia vitamini C. Katika kitabu cha 1970 alidai kuwa huzuia mafua. Baadaye akadai kuwa hupambana na saratani. Na katika kitabu cha 1986 akaitangaza kuwa njia ya kurefusha umri. Yeye mwenyewe alifikia kumeza gramu 18 kwa siku, ilhali mahitaji ya mtu mzima ni yapata miligramu 90. Umma ulimwamini kwa ajili ya tuzo zake. Lakini majaribio ya Mayo Clinic, yaliyochapishwa mwaka wa 1979 na 1985, yalionyesha kuwa gramu 10 kwa siku hazikuwafaa wagonjwa wa saratani kuliko vidonge visivyo na dawa. Pauling hakukubali.

Alifariki mwaka wa 1994, kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 93. Watetezi wake huutaja umri huo kuwa ushahidi. Wapinzani huutaja ugonjwa huo. Wote wanakosea, kwani maisha ya mtu mmoja si jaribio.

Kwa maoni yangu, ushahidi bora umo katika kifo cha mamake. Vitamini huponya pale ilipopungua. Wazee wengi hufyonza B12 ya chakula kwa shida, na anayepungukiwa hana budi kupewa. Asiyepungukiwa hanunui miaka kwa kumeza zaidi. Basi mwalimu anayestaafu na apimwe kabla ya kuitumia pensheni yake kwa vidonge, nasi tuwazoeze wanafunzi wetu kuuliza ushahidi u wapi, hata msemaji awe na tuzo mbili.