Nikola Tesla, baba wa telekomande

Hapa Muhumba, umeme ukirudi usiku, kitu cha kwanza tunatafuta ni telekomande. Mara nyingi imepotea, ao mtoto ameikanyaga. Basi tunanunua ile ya televizyo zote, na pale njo kazi inaanza: kubonyeza SET mpaka taa iwake, kuandika kodi ya marka yetu, kisha kujaribu kama televizyo itazimika. Ikikataa, tunatafuta kodi ingine ku karatasi. Leo tusimulie maisha ya mzee aliyewaza mambo hayo wakati televizyo ilikuwa haijaingia katika nyumba ya mtu.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 huko Smiljan, kijiji ambacho leo kiko Kroatia. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi. Mama yake hakusoma, lakini alijitengenezea vyombo vya kazi ya nyumbani, na mtoto aliamini kwamba ufundi aliurithi kwake. Alisoma Graz bila kumaliza, akatumika Paris katika kampuni ya Edison, na mwaka 1884 akavuka bahari kwenda New York. Kwa Edison hakukaa hata mwaka mmoja. Akafikia kuchimba mitaro juu ya kupata chakula.

Mwaka 1888 mambo yakageuka: Westinghouse ikanunua haki za mashine zake za umeme wa kwenda na kurudi. Ni umeme wa namna ile ile unaotoka Ruzizi na kuingia katika nyumba zetu.

Miaka 10 baadaye, pale New York, aliweka mashua ndogo ya chuma ndani ya maji mbele ya watu. Hakukuwa kamba wala waya. Yeye alisimama pembeni na kisanduku chake, mashua ikageuka kuume na kushoto, taa zake zikawaka na kuzimika. Kuko walioona ni uchawi. Tarehe 8 Novemba 1898 alipata hati ya uvumbuzi huo, lakini jeshi la maji la Marekani halikuutaka.

Yeye hakuacha. Swali lilikuwa: mashua itajuaje bwana wake, kama mtu mwingine naye anatuma mawimbi? Akawaza chombo kinachoitika tu kama kimepokea alama mbili kwa pamoja, sawa kufuli ya funguo mbili. Wazo ni lile lile la kodi zetu: kila televizyo ina alama zake, na zisizo zake inaziacha zipite.

Telekomande ya televizyo isiyo na waya ilikuja na Eugene Polley wa kampuni ya Zenith mwaka 1955, kwa mwanga. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Tesla hakuziona. Alikufa tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli New York, na miaka 86, bila mke wala mtoto, na kodi ya chumba ikilipwa na Westinghouse.

Basi, wenzetu, telekomande ikikataa, tusiipige ku meza. Televizyo si kiziwi; inangojea alama zake. Tuandike kodi inayofuata.