Sultani Barghash, taa za Unguja na nyaya zetu za Baraka

Ukitembea Baraka saa moja na nusu ya usiku utaona vile mwangaza unavyogawanyika. Nyumba hii ina ampule nyeupe ya pano la jua, ile ina tochi iliyotundikwa kwenye msumari, na ya tatu iko giza kabisa, sababu mpangaji wa kwanza alihama na nyaya zake na yule mpya hajapata pesa ya kununua zingine. Mbele yao, ziwani, wavuvi wa ndakala wamewasha taa zao, utasema ni mji mwingine juu ya maji.

Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake linatajwa kila mara watu wanapozungumza juu ya umeme wa kwanza Afrika Mashariki: Barghash bin Said, sultani wa Unguja. Msikilizaji mmoja atauliza, huyo mtu wa pwani anatuhusu nini sisi wa Fizi? Anatuhusu. Kiswahili hiki tunachotangazia kilifika ufuo huu wa Tanganyika na misafara ya wafanyabiashara waliotoka kwenye utawala wa ukoo wake. Na mali iliyomtajirisha, sehemu yake ilitoka upande wetu.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said, yule sultani aliyehamisha makao yake kutoka Oman hadi Unguja. Baba alikufa mwaka 1856, na kiti cha Unguja kikaenda kwa ndugu yake Majid. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua, dada yao Salme akimsaidia kuandika barua za siri. Mpango ulishindikana, Waingereza wakaingia kati, na Barghash akapelekwa Bombay, India, kukaa uhamishoni karibu miaka 2.

Mimi naona Bombay ndiyo ilimfundisha. Kijana aliyezaliwa katika nyumba za kifalme alijikuta mgeni katika mji mkubwa, anakaa kwa ruhusa ya watu wengine. Miaka hiyohiyo Bombay ilikuwa inaanza kupata maji ya bomba kutoka mbali. Alirudi Unguja mwaka 1861, akakaa kimya akingoja, na Majid alipokufa mwaka 1870 akawa sultani.

Alianza vibaya. Aprili 1872 kimbunga kilipiga kisiwa, kikavunja meli zake na kung'oa mikarafuu mingi sana. Mwaka uliofuata Waingereza walimbana, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao la mjini. Hakutia sahihi kwa moyo mweupe, alitishiwa kwamba manowari zitazuia bandari yake. Huku bara mambo hayakusimama siku hiyo. Watu waliendelea kukamatwa miaka mingi baadaye, na pembe za ndovu kutoka Maniema na kandokando ya ziwa ziliendelea kubebwa vichwani, kuvushwa hadi Ujiji, kisha Tabora, mpaka baharini. Tippu Tip aliyetawala upande wa Kasongo, na Rumaliza aliyekaa Ujiji, walikuwa ni watu wa biashara hiyo. Pembe ikifika Unguja inalipiwa ushuru. Kwa hiyo tukisifu taa za sultani, tukumbuke pia mabega yaliyobeba gharama yake. Mababu wa watu wa huku wamo.

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alionana na Malkia Victoria, akatembezwa London, mji ambao barabara zake zilikuwa zinawaka taa za gesi. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya inaweka mwaka huohuo kuwa ndio sultani alinunua jenereta ya kuangaza jumba lake na barabara za karibu. Wakati huo hata Ulaya kwenyewe umeme ulikuwa kitu kigeni.

Baada ya hapo alijenga bila kupumzika. Alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na watu waliteka bure. Alinunua meli za mvuke, akaleta mtambo wa kuchapisha vitabu. Mwaka 1883 lilisimama jumba refu mbele ya bandari, watu wakaliita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, na katika yale maajabu taa za umeme ndizo zilizosimuliwa zaidi. Mbele yake kulikuwa na mnara wa taa ulioonekana na mabaharia kutoka mbali. Mvuvi wetu wa ndakala anaelewa vizuri maana ya taa moja ukiwa majini usiku.

Lakini nguvu ilikuwa inamtoka. Kuanzia mwaka 1884 Wajerumani walizunguka bara wakikusanya mikataba, na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikaa wakamkatia Barghash visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Huku kwetu Leopold wa Ubelgiji alikwisha kujitangazia Kongo, na mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe akakubali kuwa gavana wake wa Stanley Falls. Machi 1888 Barghash alikufa. Alikuwa na miaka kama 50.

Sasa taa zake zilikwenda wapi? Ule mnara ulivunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku mtoto wake Khalid alipong'ang'ania kiti. Jenereta ilikuwa na bahati nzuri zaidi. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, ikavushwa bahari, na kampuni ya kwanza ya umeme ya Mombasa ikaanza nayo. Mashine ilihama nyumba kama mpangaji. Mwangaza uliokuwa wa jumba la mtu mmoja ukawa kitu cha kuuzwa kwa wakaaji wa mji.

Hapo ndipo ugomvi wetu wa Baraka unapoingia, maana kati ya mwenye nyumba na mpangaji swali ni lilelile: taa ni ya nani, na nani anaitunza? Mimi nimepanga nyumba tatu. Katika ya pili nilikuta nyaya zimeunganishwa kwa mfuko wa plastiki na kamba. Mwenye nyumba alisema ni kazi yangu, mimi nikasema ni yake, na tulibishana mpaka siku waya ulipochemka na kuunguza pazia. Hakuna aliyeumia, lakini pazia nililipa mimi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa garanti nazunguka nyumba pamoja na mwenye nyumba, tunaandika kwenye karatasi pano ni la nani, betri ni ya nani, ampule ni ngapi. Kuna kazi ambazo mpangaji anaziweza mwenyewe: kupangusa vumbi la pano kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla jua halijawa kali, kuondoa unga mweupe kwenye vichwa vya betri baada ya kufungua nyaya, kukaza zilizolegea. Betri ya kuongeza maji inataka maji ya betri yanayouzwa kwenye chupa, siyo ya ziwa, na usiongeze asidi. Fyuzi ikikatika tafuta sababu kwanza, kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuita moto ndani. Na kama nyumba inavuta umeme wa jenereta ya jirani, usiguse waya wowote bila kuzima. Huko muite fundi.

Jumba la Barghash lenyewe lilibaki baada ya mizinga. Lilitumika kuwa ofisi za serikali, baadaye makumbusho, na chumvi ya bahari na mvua zikalila polepole. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kulikarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 walikufa.