Mwindaji wa manati aliyeishia kulisha ndege Nyeri

Si unajua ile baridi ya Julai hapa Kiriaini? Ukungu umelalia majani chai, jua hakuna, na ndege wamejaa uani wakitafuta cha kudonoa. Mara mtoto wa jirani huyo, manati mkononi. Kabla hujamfokea, hebu nikupe stori ya Jim Corbett.

Alizaliwa 1875 huko Nainital, India. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, na nyumbani pesa zilikuwa za kubana. Naye alianza na manati vilevile, akiangusha ndege msituni. Lakini ndege humpati kama humjui: anakula nini, anajificha wapi, analiaje akishtuka. Corbett aliyashika yote hayo. Chuo hakwenda, akaingia kazi ya reli. (Mimi niliyeacha chuo njiani, hapo nilitega sikio.)

Kumbe somo lile la ndege ndilo lingemweka hai. Mwaka wa 1907 alimuua simbamarara jike wa Champawat, anayesemekana kuua watu 436. Corbett aliwafuata wala watu kwa miguu, mara nyingi peke yake. Tausi akipiga kelele ghafla, alijua hatari iko upande gani. Masikio yalitangulia, bunduki ikafuata.

Miaka ikasonga, akaanza kubeba kamera na kuwatetea wanyama aliokuwa akiwawinda. Leo mbuga ya kwanza ya kitaifa ya India ina jina lake.

1947 alihamia Nyeri na dadake Maggie. Walikaa Paxtu, kile kijumba cha Baden-Powell pale hoteli ya Outspan. Mzee aliyeangusha ndege utotoni sasa alikuwa akiwawekea chakula bustanini na kuwatazama tu. 1953 akatoa kitabu, Jungle Lore, kuhusu yale aliyofunzwa na msitu. Alifariki 19 Aprili 1955. Panda matatu upitie Othaya hadi Nyeri mjini, kaburi lake utalikuta kanisa la St Peter's.

Sasa rudi kwa yule mtoto. Usianze na kumnyang'anya manati. Muulize yule ndege anaitwaje, na analiaje akiona paka. Kisha wekeni kopo la maji na makombo ya ugali juu ya kisiki, mkae kando kimya. Akishawajua kwa majina, utaona kama bado ana hamu ya kuwapiga mawe.