Thomas Harriot na alama ya kupita

Alama > na < tunazitumia kila juma katika hesabu (mashini yetu haina hizo, tumezichora kwa mkono kwenye stensili), lakini mwenye kuzileta wengi wetu hatumjui. Ni Thomas Harriot, Mwingereza.

Alizaliwa karibu mwaka 1560, akasomea Oxford. Mwaka 1585 alivuka bahari mpaka Amerika pamoja na watu waliotumwa na bwana Walter Raleigh. Luga ya wenyeji wa kule alijifunza kwa Manteo na Wanchese, akatunga hata herufi za kuandika sauti zake. Habari za safari hiyo zilitoka katika kitabu mwaka 1588, na ndicho kitabu pekee alichotoa mwenyewe.

Hapo ndipo tunashangaa. Kazi zingine zote zilibaki ndani ya makaratasi yake. Julai 1609 alitazama mwezi kwa darubini na kuuchora, miezi michache mbele ya Galileo. Lakini Galileo alichapisha yake mwaka 1610, na sifa ikaenda kwake. Pengine Harriot aliogopa: mwaka 1605 alitiwa gerezani kwa muda, na mwaka 1618 Raleigh, aliyekuwa mlinzi wake, alikatwa kichwa. Sisi tunafikiri pia alikuwa mtu wa kusema kesho, sawa sisi wenyewe na kazi za nyumbani. Kansa ya pua ilimwua London mwaka 1621. Rafiki zake walitoa kitabu chake cha aljebra mwaka 1631, miaka 10 nyuma ya kifo, na ndimo alama hizo zilichapwa mara ya kwanza.

Sasa tuzipime kwa masomo yetu ya jioni, dakika 90. Tafsiri ya Kifaransa inakula dakika 30, kila zoezi la hesabu dakika 12. Idadi ya mazoezi tuite n. Tukitaka kumaliza mbele ya kengele, tunaandika 30 + 12n < 90. Tunatoa 30 kila upande: 12n < 60, basi n < 5. Ni mazoezi 4, hakuna zaidi.

Na kama kengele inalia palepale tunapoweka kalamu chini? Hapo Harriot hatoshi. Ni Pierre Bouguer, Mfaransa, aliyeongeza mistari miwili chini ya alama mwaka 1734. Leo tunaandika mmoja: n ≤ 5. Mwaka wa sita tunahesabu zoezi la tano. Wadogo zetu wa mwaka wa tatu wanakataa kabisa, na mabishano yao hayajaisha.