Wasifu: Tharia Topan (1823–1891)

Mwanafunzi, katika mada ya biashara ya Afrika Mashariki karne ya 19 utakutana na jina la Tharia Topan. Watahiniwa wengi humtaja kuwa mkopeshaji wa Tippu Tip, kisha huishia hapo. Soma wasifu huu uone jambo la pili: jinsi hesabu na makadirio yanavyoamua nani apate faida.

Maisha ya awali
Tharia alizaliwa Kutch, India, mwaka 1823. Alifika Unguja akiwa bado mdogo, akafanya kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi forodha ya Sultani. Baadaye alianzisha biashara yake ya pembe za ndovu na karafuu, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Unguja.

Forodha ilivyokodishwa
Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Alimkodishia forodha tajiri aliyeahidi kumlipa kiasi maalumu kila mwaka. Chukua mfano: mkodishaji anaahidi riale 100. Akikusanya 130, anabaki na 30. Akikusanya 90, anatoa 10 mfukoni mwake, kwa sababu Sultani lazima apate 100 zake. Kwa hiyo faida ilitegemea tofauti kati ya ahadi na makusanyo.

Sasa fikiria delta ya Rufiji, ambayo leo kwa sehemu kubwa iko Wilaya ya Kibiti. Majahazi yalitoka huko na boriti za mikoko, zilizojengea nyumba za Unguja na kuuzwa hadi Arabuni. Mpunga wa Rufiji ulikuwa mwingi hata eneo hilo likaitwa Calcutta Ndogo. Je, mwaka ujao yangetoka majahazi mangapi? Mto ukifurika kwa kiasi, mpunga hustawi; ukizidi, mashamba husombwa. Mkodishaji alipaswa kukadiria hayo kwa kila bandari ya pwani kabla ya kutaja bei. Aliyeshika madaftari ya miaka iliyopita alikadiria kwa hesabu. Wapinzani wake, na hata Sultani, walibahatisha.

Zabuni ya 1876
Makadirio yalikuwa magumu zaidi baada ya mwaka 1869. Zingatia mambo manne:
(a) Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869.
(b) Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa.
(c) Mwaka huohuo meli za barua za Waingereza zilianza kufika Unguja.
(d) Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini.

Mwaka 1876 Tharia aliichukua forodha kutoka nyumba ya Jairam, iliyoishika kwa miaka mingi. Yeye hakubahatisha kama mgeni: aliijua nyumba hiyo kwa ndani, na biashara yake mwenyewe ilimletea habari za bidhaa na bei.

Mkopo kwa Tippu Tip ulikuwa na hatari nyingine. Msafara wa Tippu Tip ulikaa bara takriban miaka 12, akarudi Unguja mwaka 1882. Muda wote huo Tharia alitegemea barua na habari za wasafiri kujua kama mali yake ipo au imepotea.

Uhusiano na soko la hisa
Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Kanuni ni ileile. Tuseme wachambuzi wanatarajia kampuni ipate faida ya shilingi 50 kwa kila hisa. Taarifa ya hesabu ikionyesha 45, bei inaweza kushuka ingawa kampuni imepata faida. Ikionyesha 60, inaweza kupanda. Bei huwa tayari imebeba matarajio. Kinachoisogeza ni habari mpya. Tofauti kubwa na enzi za Tharia ni kwamba leo kampuni zilizoorodheshwa hulazimika kutangaza hesabu zao kwa wote.

Funzo la maadili
Madaftari ya matajiri hayakuonyesha kila gharama. Wapagazi na mateka wa misafara ya pembe waliilipia faida hiyo kwa miili yao. Mkata boriti wa Rufiji naye aliuza bila kuona hesabu za Unguja. Pale ambapo hesabu zinafichwa, asiyezijua ndiye anayepunjwa.

Mwisho wa maisha
Tharia alipewa cheo cha Sir na Malkia Victoria. Jiwe la msingi la jengo lake la zahanati, Mji Mkongwe, liliwekwa mwaka 1887. Alifariki Bombay mwaka 1891, kabla jengo halijakamilika. Lipo hadi leo.

Maswali ya kujipima
1. Eleza kwa nini mkodishaji wa forodha angeweza kupata hasara wakati Sultani anapata fedha zake kamili.
2. Kampuni imepata faida, lakini bei ya hisa zake imeshuka. Toa sababu.
3. Jadili umuhimu wa kutangaza hesabu kwa wote, ukitumia mfano wa wauzaji wa mazao wa eneo lako.